Umerudi kwenye Kijapani? Ulinganisho wa kitabu, kadi, programu ya simu, kusoma kwa wingi na mwalimu

Ushauri mwingi kuhusu kujifunza Kijapani umeandikwa kwa ajili ya mtu anayeanza. Nunua kitabu hiki, pakua programu ile, maliza hiragana, herufi za msingi za silabi, kwa wiki moja. Aliyewahi kusoma, akaacha mwaka mmoja au miaka minane, kisha akarudi, ushauri huo haumfai sana. Hiragana anaijua. Kuna kanji, zile herufi zenye asili ya Kichina, anazisoma bila kufikiri, na nyingine anaziona kama sura ya mtu aliyesoma naye darasa moja: anajua anamfahamu, jina haliji. Kuna sarufi anaielewa akiisikia, lakini akitaka kuitumia mwenyewe ulimi unagoma.

Kwa mtu huyo njia inayofaa hailingani na ya anayeanza, wala hailingani na ya mwenzake aliyerudi siku hiyohiyo. Inategemea kilichobaki kichwani na kilichotoka. Ndiyo maana nasisitiza: kabla hujatoa pesa wala kupakua chochote, jipime.

Jipime kwanza

Mwaka 1885 mwanasaikolojia wa Kijerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio ya kumbukumbu aliyojifanyia mwenyewe. Alikariri orodha za silabi zisizo na maana, akaziacha, kisha akazikariri upya, na alichopima ni muda aliouokoa mara ya pili. Hata kile ambacho mtu hawezi tena kukitaja, akijifunza upya humwingia haraka kuliko mara ya kwanza. Hiyo ni habari njema mno kwa anayerudi, na ndiyo sababu inaniuma kumsikia mtu akisema "nimesahau kila kitu, naanza moja". Ukianza moja utatumia wiki nyingi kusoma unayoyajua, utachoka, na utaacha tena kabla hujafika penye pengo lenyewe.

Kipimo hakihitaji programu yoyote. Chukua karatasi, andika katakana, herufi za silabi zinazotumiwa hasa kwa maneno ya kigeni, zote 46 za msingi bila kuangalia popote. Mara nyingi katakana hutoka kichwani mapema kuliko hiragana kwa sababu macho hayakutani nayo sana. Utaijua hali yako ukifika kwenye zinazofanana, シ na ツ, au ソ na ン. Kisha geuza vitenzi hivi viwe katika umbo la -te: kau, kaku, iku, nomu, hanasu, taberu, kaeru. Majibu ni katte, kaite, itte, nonde, hanashite, tabete, na hicho cha mwisho kina mtego: kaeru ya kurudi nyumbani huwa kaette, kaeru ya kubadilisha huwa kaete. Anayevipata vyote bila kusita, msingi wake uko salama. Aliyekwama kwenye iku na kaeru tu anahitaji kupigwa msasa. Aliyekwama tangu kau ana pengo la kweli, nalo litamsumbua kila mahali, kwa kuwa umbo hilo ndilo linalobeba kuomba, kuomba ruhusa, kuunganisha matendo na kueleza linaloendelea sasa hivi.

Baada ya hapo soma aya moja ya Kijapani kwa sauti, halafu jirekodi kwa dakika mbili ukieleza ulichofanya jana, bila maandishi. Wengi hukuta kwamba wanaelewa zaidi ya wanavyoweza kusema. Upana wa tofauti hiyo ndio utakaokuongoza katika yote yanayofuata.

Kitabu cha kiada

Kitabu kinamfaa mwenye pengo la sarufi. Katika ngazi ya mwanzo ningelinganisha vitatu. Genki, cha The Japan Times, kina masomo 23 katika juzuu mbili, na toleo lake la tatu lilitoka mwaka 2020. Minna no Nihongo, cha 3A Corporation, kina masomo 50 katika juzuu zake mbili za mwanzo. Irodori kimetolewa na Japan Foundation na hupakuliwa bure pamoja na sauti zake.

Genki hueleza sarufi kwa Kiingereza ndani ya kitabu chenyewe, kwa hiyo anayesoma peke yake hakwami njiani. Kitabu kikuu cha Minna no Nihongo ni Kijapani kitupu. Maelezo ya sarufi na tafsiri za maneno yako katika kitabu cha pili, kinachouzwa peke yake katika lugha mbalimbali. Kilitungwa kwa darasa lenye mwalimu, na ukikisoma pekee unalihisi hilo. Hata hivyo kina kitu ambacho Genki haikifikii: mazoezi mengi ya kugeuza sentensi moja kwa namna kumi, yale ambayo anayeanza huyaona yanachosha lakini kwa aliyerudi hulainisha ulimi. Ukiyafanya kwa sauti, bila kuandika, somo moja humalizika katika kikao kimoja.

Irodori inatoka upande mwingine kabisa. Haikupangwa kwa sarufi. Imepangwa kwa mambo ambayo mtu anayeishi na kufanya kazi Japani anapaswa kuyaweza, kama kumweleza daktari anapoumwa, kuomba ruhusa kazini au kuelewa tangazo. Sarufi hufuata hali. Anayerudi kwa sababu ana safari ya kikazi, ningemwambia aanzie hapo hata kama Genki yake ya zamani iko kabatini. Anayetaka kuelewa lugha ilivyojengwa, Genki itamridhisha zaidi.

Swali zito kuliko kitabu kipi ni uingilie wapi. Tumia sarufi kama alama za njiani. Umbo la -te liko somo la 6 katika Genki na somo la 14 katika Minna no Nihongo. Kauli ya kutendwa iko somo la 21 katika Genki, la 37 katika Minna no Nihongo. Kauli ya kutendesha, la 22 na la 48. Fungua somo la mwisho unalokumbuka kulifikia, fanya mazoezi yake bila kusoma maelezo, na likikushinda rudi nyuma masomo mawili. Endelea hivyo mpaka ufike lisilokushinda. Hapo ndipo ukurasa wako wa kwanza, na kila kilicho kabla yake kiache. Wala huna haja ya kununua toleo jipya kama la zamani liko mzima. Mpangilio wa sarufi haukubadilika sana.

Upungufu wa vitabu hivi vyote ni kanji na msamiati. Juzuu zote mbili za Genki zinafundisha kanji 317, ilhali orodha rasmi ya kanji za matumizi ya kawaida nchini Japani, iliyorekebishwa mwaka 2010, ina 2,136. Kitabu kitakurudishia mifupa ya lugha. Nyama itatoka kwingine.

Kadi za kukariri

Hapa ndipo wanaorudi wengi huumia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Programu za kadi hukuonyesha neno au kanji, wewe unajibu, nayo inapanga lini uione tena: uliyoijua inasogezwa mbali, iliyokushinda inarudi karibuni. Mbili zinazotajwa sana ni Anki na WaniKani. Anki ni bure kwenye kompyuta na simu za Android, inalipiwa kwenye iPhone, na unaweza kuweka humo chochote. WaniKani iko tayari: ngazi 60, kanji takribani 2,000 na maneno zaidi ya 6,000, kila kanji na kisa chake cha kukusaidia kuikumbuka. Ngazi tatu za kwanza ni bure, zilizobaki hulipiwa.

Kwa anayeanza, WaniKani ina faida kubwa ya kumshika mkono. Kwa anayerudi na kanji mia tano kichwani ina tatizo ambalo ni bora alijue mapema: hairuhusu kuruka ngazi. Utapita upya kanji za moja, mbili, tatu, juu, chini, kwa mwendo ambao programu imeupanga. Ila ikiwa uliwahi kuwa nayo na ukaishia ngazi ya 20, unaweza kuirudisha nyuma hadi ngazi unayotaka, na hiyo ni huduma nzuri sana. Rudi ngazi tano au sita, usirudi sifuri.

Anki haina kizuizi hicho, lakini ina viporo. Fungua kundi la kadi uliloliacha miaka miwili iliyopita, utakuta maelfu ya kadi zinakungoja siku moja. Mtu huziona, hufunga programu, na kwa wengine kurudi kwenyewe hukoma siku hiyo. Viporo hivyo vinashindwa kwa mpangilio tu. Weka kikomo cha marudio kwa siku, kiwe kidogo hata ukione cha aibu. Zima kadi mpya mpaka viporo viishe. Washa FSRS, mpangilio mpya ulioingizwa ndani ya Anki mwaka 2023, kwa kuwa unazingatia muda uliopita: kadi uliyoikumbuka baada ya miaka miwili ya kutoiona imethibitisha kuwa imekaa, na itasogezwa mbele sana. Baada ya siku chache utashangaa jinsi rundo linavyopungua kasi.

Je, ufufue kundi la zamani au uanze jipya? Kama kadi ulizitengeneza mwenyewe kutokana na uliyoyasoma, zifufue. Kila moja ina kumbukumbu yake nyuma. Kama ulipakua kundi la mtu mwingine lenye maneno elfu kadhaa, liache, uanze dogo lenye maneno unayokutana nayo sasa.

Kuna jambo moja ambalo kadi hazilifanyi vizuri, na kwa aliyerudi linaonekana waziwazi. Tazama 待, 持, 時 na 特. Subiri, shika, wakati, maalumu. Upande wa kulia zote zina umbo lilelile, 寺, ambalo likisimama peke yake ni hekalu. Kilichobaki kichwani baada ya miaka ni huo upande wa kulia. Wa kushoto umefifia, na ndio unaozitenganisha: mwendo, mkono, jua, ng'ombe. Kadi zitakuletea moja leo na nyingine kesho kutwa, nawe utazichanganya kila mara. Ziandike zote nne kwa mkono katika mstari mmoja, uone mkono ndani ya 持 na jua ndani ya 時. Umo humo pia msaada wa sauti: 寺, 時 na 持 zote zina usomaji wa ji. Dakika kumi za kalamu hapo zinazidi mwezi wa kubonyeza.

Programu za simu zenye michezo

Duolingo ilianza kufundisha Kijapani mwaka 2017 na ndiyo inayojulikana kuliko zote. Uzuri wake ni mmoja, nao si mdogo: inakufanya uguse lugha kila siku. Kwa mtu ambaye tatizo lake ni kwamba hajagusa Kijapani miaka mitatu, wiki chache za kuvunja ukimya zina thamani. Zaidi ya hapo sioni inamfikisha wapi mwenye msingi. Maelezo ya sarufi ni machache, na kuchagua maneno yaliyokwishawekwa mbele yako ni kazi nyepesi kuliko kuyatoa kichwani. Itumie kama mlango, kisha ingia ndani.

Kusoma na kusikiliza kwa wingi

Kwa aliyefika somo la -te na kuendelea, hii ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote, na naona inapuuzwa.

Wajapani wana utaratibu unaoitwa tadoku, kusoma kwa wingi, wenye kanuni chache: anza na chepesi, usitumie kamusi, ruka usichoelewa, na kitabu kisipokwenda kibadilishe. Kuna vijitabu vya bure mtandaoni vilivyopangwa kwa ngazi, vyenye picha, vinavyotolewa na shirika lisilo la kibiashara la Tadoku la Tokyo. Kwa anayeanza hata ngazi ya 0 ina jasho. Kwa aliyerudi, ngazi ya 0 husomeka jioni moja, na hapo kuna faida ambayo kadi haitoi: neno lililolala linaamka lenyewe kwa sababu sentensi inaliita. Unasoma mtu ameingia ndani, anavua viatu, na kabla hujafikiri umeshasoma nugu, kuvua. Ukichoka na hadithi, shirika la utangazaji la NHK huandika habari kwa Kijapani rahisi, kanji zikiwa na hiragana ndogo juu yake.

Kanuni ya kutotumia kamusi ndiyo watu wanayoipinga sana. Nasimama nayo, hasa kwa anayerudi. Ukifungua kamusi kila neno, unajifunza upya vitu ambavyo vingekurudia vyenyewe ukurasa unaofuata. Neno likitokea mara ya tatu na bado limefunga, hapo lifungulie kamusi na ulitengenezee kadi.

Upande wa kusikiliza, mzungumzaji wa Kiswahili ana bahati: irabu tano za Kijapani ni zetu, a, i, u, e, o, na silabi nyingi huishia kwa irabu kama zetu. Penye hatari ni urefu. Obasan ni shangazi, obaasan ni bibi. Kite ni njoo, kiite ni sikiliza, kitte ni stempu. Sisi tumezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na sikio letu huuchukua urefu kuwa ni mkazo tu. Dawa yake ni kufuatisha: cheza sauti fupi, iseme pamoja na msemaji, palepale, bila kusubiri amalize. Vitabu vya Irodori na Genki vyote vina sauti za kutosha kwa kazi hiyo.

Njia hii ina mipaka yake. Aliyeshindwa kugeuza kau hatapata sarufi kwa kusoma tu, au ataipata polepole mno. Na kusoma hakutakufanya useme.

Mwalimu

Kama rekodi yako ya dakika mbili ilijaa ukimya huku aya uliisoma vizuri, pesa yako iende kwa mwalimu kabla ya kitu kingine chochote. Hakuna kitabu kitakachokufanya utafute neno huku mtu anakungoja.

Darasa la kundi na mwalimu wa mtu mmoja mmoja havifanani kwa anayerudi. Darasa lina ngazi. Wewe huna ngazi moja. Kanji zako zinaweza kuwa za wa kati na mazungumzo yako ya anayeanza, na popote watakapokuweka utachoka au utazama. Mwalimu wa peke yako anaweza kuzifuata ngazi zako zote mbili. Ila lazima umwongoze: mwambie tangu siku ya kwanza kwamba hutaki kuanza somo la kwanza, unataka nusu ya muda iwe mazungumzo, na unataka asahihishe vitenzi tu, mengine ayaache. Ukimwomba asahihishe kila kitu utaogopa kufungua mdomo.

Rafiki wa kubadilishana lugha hagharimu kitu, lakini nusu ya muda ni ya lugha yake anayoitaka, na Mjapani wa kawaida akiulizwa kwa nini hapa kijineno cha sarufi ni wa na si ga atakujibu kwamba ndivyo inavyosemwa. Ana faida nyingine: kwake utasikia umbo fupi la vitenzi ambalo marafiki hutumia, wakati wewe umerudi na miishio ya adabu, desu na masu, peke yake.

Mtihani kama njia

Wengine hurudi kwa kujiandikisha mtihani wa JLPT, unaopima ustadi wa Kijapani, na kuacha tarehe iwasukume. Mtihani una ngazi tano, N5 hadi N1, tangu ulipobadilishwa mwaka 2010, na hufanyika Julai na Desemba, ingawa baadhi ya vituo huwa na mara moja tu kwa mwaka. Alama ni 180. N4 hupita kwa 90, N3 kwa 95, na kila sehemu ina kiwango chake cha chini, kwa hiyo kusoma vizuri hakukuokoi ukianguka kwenye kusikiliza. Maswali yote ni ya kuchagua jibu. Hakuna kusema, hakuna kuandika.

Kwa mwenye haja ya cheti, hakuna mjadala. Viza ya ufundi maalumu iliyoanzishwa na Japani mwaka 2019 hukubali N4, au mtihani wa JFT-Basic unaofanyika kwa kompyuta, na anayerudi kwa ajili hiyo aulenge mtihani tangu mwanzo. Asiye na haja hiyo asiuchague kuwa njia yake ya kurudi. Unazidisha kile ambacho tayari amebaki nacho, kutambua, na unaacha palepale kilichomtoka.

Ningechagua nini

Mshika mbili moja humponyoka, lakini katika lugha hii njia moja pekee haitoshi. Ninachoshauri ni njia moja kuu na moja ndogo. Mwenye pengo la sarufi: kitabu kiwe kikuu, kadi chache za maneno ya somo hilohilo ziwe ndogo. Mwenye sarufi nzima na kanji zilizofifia: kusoma kwa wingi kuwe kukuu, Anki iwe ndogo, na kalamu karibu. Anayeelewa lakini hasemi: mwalimu mara moja au mbili kwa wiki, na kufuatisha sauti siku zilizobaki. Mwenye nusu saa tu kwa siku asiitumie yote kwa kadi. Dakika kumi za kadi, ishirini za kusoma.

Na ziko njia zisizochanganyika. WaniKani na mbinu ya mwandishi James Heisig ya kukariri kanji zote hugawa kanji vipande na kuvipa majina ya kutungia visa, lakini majina hayafanani, na kipande kimoja chenye majina mawili huvuruga visa vyote viwili. Heisig pia hufundisha maana na kuandika kwanza na kuacha usomaji baadaye, WaniKani hufundisha usomaji papo hapo na haifundishi kuandika kabisa. Kama zamani ulisoma kwa mojawapo na majina yake bado yamo kichwani, baki nayo hata kama nyingine inasifiwa zaidi. Vivyo hivyo Genki na Minna no Nihongo: ukiwa katikati ya kimoja usihamie kingine ili kubadilisha hewa, kwa sababu mpangilio wa sarufi ni tofauti, na utakuta masomo matatu unayoyajua yamefuatwa na moja linalodai kitu ambacho hujafundishwa popote.